NMR ya protini na tando za seli: dalili zinazorudi na pa kuanza kutafuta

"Mashine imeharibika." Ujumbe wa namna hii hutumwa usiku, na mwanafunzi wa uzamili ambaye zamu yake ya sumaku inaisha alfajiri, ukiwa na picha isiyoeleweka ya spektra, yaani mchoro wa vilele vya ishara. Mara nyingi mashine ya NMR, ile inayosoma ishara za viini vya atomi ndani ya sumaku kubwa, haina neno. Tatizo limo ndani ya mrija wa milimita 5, na limekuwemo tangu sampuli ilipotoka kwenye meza ya biokemia. Ndiyo maana kila dalili hapa chini inaanza na sampuli. Shimu (usawazishaji wa uga wa sumaku), palsi (mipigo ya mawimbi ya redio) na konsoli (kabati la elektroniki) zinakuja baadaye, na sumaku yenyewe inakuja mwisho kabisa.

Kuna jaribio moja la kutangulia yote. Toa sampuli yako, ingiza sampuli ya kawaida ya maabara: sukrozi katika maji yenye asilimia 10 ya maji mazito (yenye dyuteri, hidrojeni nzito, badala ya ile ya kawaida), au ubikwitini, protini ndogo, iliyotiwa nitrojeni-15. Ikitoka safi, mashine ni nzima, rudi kwenye mrija wako. Ikitoka mbovu kwa namna ileile, tatizo ni la mashine, na una ushahidi wa kumwonyesha msimamizi. Dakika kumi za jaribio hili zinaokoa usiku mzima wa kubahatisha, na bado watu huliruka.

"Loki haishiki"

Spektromita hushikilia uga wake kwa kufuata ishara ya dyuteri, na kushikilia huko ndiko kunakoitwa loki. Isipoiona, haina cha kushika.

Sababu ya kwanza ni maji mazito kusahaulika. Protini hupimwa kwenye maji ya kawaida ili hidrojeni za amidi zibaki mahali pake, kwa hiyo maji mazito ni asilimia 5 hadi 10 tu, na kitu kidogo hivyo husahaulika kwa urahisi. Sababu ya pili ni programu kuwa bado inadhani kiyeyusho ni kingine. Sumaku za kushirikiana zina watu wa kila aina, na aliyekutangulia huenda ni mkemia wa mitishamba aliyekuwa akipima dondoo la mwarobaini kwenye kloroformu. Chagua kiyeyusho upya, kisha pakia faili la shimu la kawaida la probu hiyo (kipokezi kinachozunguka mrija ndani ya sumaku). Tatu, mrija haukushuka hadi mwisho, au ulipimwa vibaya kwenye kipimo cha kina. Nne, na hii ni nadra, uga umesogea kiasi cha kuhitaji kutafutwa.

Ukifika hiyo ya nne na sampuli ya kawaida nayo haishiki, usiendelee kuzungusha vitufe. Mwite msimamizi.

"Vilele vimenenepa"

Inua mrija uutazame kwenye mwanga. Ukiona ukungu, chembe au uzi mweupe chini, protini imeanza kuganda pamoja na hakuna shimu itakayoirudisha. Izungushe kwenye sentrifuji, pima upya ukolezi wa kilichobaki juu, ujue una nini mkononi. Ukiona viputo ukutani, mrija umetoka jokofuni ukaingizwa moja kwa moja kwenye probu ya nyuzi 37, hewa iliyoyeyuka ikatoka. Ugongegonge taratibu, uache upate joto la chumba kwanza, kisha ukishaingia kwenye probu usubiri dakika kumi hivi kabla ya kusawazisha uga. Kusawazisha wakati joto bado linapanda ni kazi ya kurudia.

Kimo cha maji kinafuata. Kwenye mrija wa milimita 5 unahitaji takriban mikrolita 550, yaani kama sentimita 4. Wenye protini kidogo hupunguza hadi 350 wakidhani wanaongeza ukolezi, halafu uga unavurugika kwenye ncha za kimiminika na faida yote inapotea. Kama protini ni haba, tumia mrija wa Shigemi, ulioundwa kwa kimiminika kidogo, au wa milimita 3.

Baada ya hapo angalia mrija wenyewe. Mirija ya bei nafuu iliyooshwa mara nyingi na kukaushwa kwenye oveni ya moto hupinda. Uviringishe juu ya kioo bapa, ukiyumba, utupe.

Iwapo sampuli ya kawaida ina vilele vyembamba na yako ni minene bila sababu ya kuonekana kwa macho, fikiria mambo mawili. La kwanza ni metali. Protini iliyosafishwa kwenye safu ya nikeli hubeba nikeli kidogo, na metali za aina hiyo, pamoja na manganizi, shaba na chuma, hunenepesha ishara hata zikiwa chache. Dializa yenye kidogo cha EDTA, kemikali inayonasa metali, kwa kawaida inatosha, isipokuwa protini yako yenyewe inahitaji metali ili ifanye kazi. La pili ni ukubwa. Protini ikizidi takriban kilodaltoni (kizio cha uzito wa molekuli) 25 au 30 huzunguka polepole majini, na vilele hunenepa kwa sababu za kifizikia wala si kwa kosa la mtu. Hapo dawa ni kuizalisha kwenye maji mazito na kutumia TROSY, mbinu ya palsi inayopunguza unene wa vilele vya protini kubwa, iliyotolewa mwaka 1997 na kundi la Kurt Wüthrich, aliyepata Nobeli mwaka 2002.

Wanaofanya kazi na protini za utando husahau jambo hili hasa. Peptidi ya kilodaltoni 3 si ndogo tena ikishakaa ndani ya sabuni. Miseli (kifundo cha molekuli za sabuni) ya DPC peke yake ina kama kilodaltoni 20, na ya DDM, sabuni nyingine, inapita 50. Kinachozunguka ni mzigo wote. Ndiyo sababu sampuli hizi hupimwa kwenye nyuzi 37 hadi 45, kama protini inavumilia.

"Maji yamemeza kila kitu"

Hidrojeni za maji zina ukolezi wa takriban molari 110, na protini yako ina nusu milimolari ikiwa umebahatika. Kwa hiyo maji lazima yafichwe.

Kagua kwa mpangilio huu. Je, probu imetiuniwa kwa sampuli hii, au kwa ya jana? Je, palsi ya nyuzi 90 imepimwa upya? Sampuli yenye chumvi nyingi huhitaji palsi ndefu zaidi, na anayenakili thamani kutoka daftari la mwenzake huacha maji mengi. Je, masafa yamewekwa katikati ya maji kabisa? Maji hukaa karibu ppm (kizio cha mahali pa kilele kwenye spektra) 4.7 kwenye nyuzi 25, na husogea takriban ppm 0.01 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo ukibadilisha joto, yatafute tena. Mwisho angalia shimu: kilele cha maji chenye mabega mapana kinaonyesha uga usio sawa, na Watergate, mbinu ya palsi ya kuficha maji, haina uwezo juu ya mabega hayo.

Sipendi kuyafisha maji kwa kuyapigia mawimbi mfululizo kwenye sampuli za protini. Spektra inatoka nzuri machoni, lakini amidi zinazobadilishana hidrojeni na maji zinakufa pamoja nayo, halafu mtu anakuja kulalamikia dalili inayofuata.

"HSQC yangu ina vilele vichache"

HSQC ni ramani inayooanisha kila nitrojeni na hidrojeni iliyoshikana nayo. Hapa ndipo penye malalamiko mengi kuliko pengine pote.

Anza kwa kuhesabu vilele unavyostahili kuviona. Kila amino asidi kwenye uti wa mgongo wa protini hutoa kilele kimoja, isipokuwa prolini, ambayo haina hidrojeni ya amidi, na ile ya kwanza kabisa. Ubikwitini ina amino asidi 76, tatu kati yake ni prolini. Ondoa hizo na ya kwanza, unabaki na 72. Ukiona 68 au 70, hujapoteza kitu. Kuna mtu aliyewahi kutaka kuitupa sampuli nzuri kwa sababu alitarajia 76.

Kama upungufu ni wa kweli, sababu kwa mpangilio wa wingi ni hizi:

1. pH iko juu. Hidrojeni za amidi hubadilishana na maji kwa kasi zaidi kadiri pH inavyopanda. Kwenye 8 vilele vya sehemu zilizo wazi hutoweka. Shusha hadi 6 au 6.5, kama protini inakubali. Kagua pia bafa yako, yaani myeyusho unaoshikilia pH: Tris hushuka karibu pH 0.03 kwa kila nyuzi moja inayopanda, kwa hiyo bafa uliyoirekebisha kwenye chumba cha baridi cha nyuzi 4 itakuwa karibu kizio kizima chini ukiipima kwenye nyuzi 37. Fosfeti haina tabia hiyo.
2. Nitrojeni-15 haikuingia. Kwa asili ni asilimia 0.37 tu ya nitrojeni yote, kwa hiyo bakteria lazima wakuzwe kwenye M9, lishe ya chumvi na sukari, yenye kloridi ya amonia iliyotiwa alama. Ukianzisha kwa mbegu nyingi kutoka kwenye mchuzi wa LB, unaleta nitrojeni ya kawaida kibao. Osha seli kabla ya kuzihamisha.
3. Chumvi imezidi. Kwenye probu ya baridi, yaani ile ambayo elektroniki zake hupoozwa sana ili ishara isikike vizuri, chumvi ya milimolari 300 inakula sehemu kubwa ya ishara. Jaribu kubaki chini ya 100, au hamia mrija wa milimita 3.
4. Protini inabadilika umbo kwa kasi ya kati, au inashikana na wenzake wawiliwawili. Punguza ukolezi nusu, kisha badilisha joto nyuzi 10 juu na chini. Vilele vikirudi, umepata jibu, na pengine umepata matokeo ya kuandika kuhusu mwendo wa protini yenyewe.

Tazama pia vilivyobaki viko wapi. Amidi za protini iliyokunjika husambaa kuanzia karibu ppm 6.5 hadi kupita 9. Zikiwa zimesongamana zote kati ya 7.5 na 8.5, protini haijakunjika, au imefunguka njiani. Usipoteze wiki ya sumaku hapo. Rudi kwenye kuisafisha.

"Vilele vimezidi"

Kwanza ondoa visivyokuhusu. Asparajini na glutamini hutoa vilele viwiliviwili vya minyororo ya pembeni, vikiwa vimepangana mlalo karibu na ppm 112 ya nitrojeni. Arginini huonekana mahali pasipo pake, kwa sababu imejikunja kutoka nje ya dirisha ulilopima. Baada ya hapo, kinachozidi kwa kawaida ni protini iliyokatwa na protiasi. Ishara yake ni kwamba vilele vyembamba vikali vinaongezeka siku hadi siku katikati ya ramani. Endesha jeli. Weka kizuia protiasi, na azaidi ya sodiamu ya asilimia 0.02 dhidi ya bakteria. Azaidi ni sumu: usiimwage kwenye sinki lenye bomba la metali, na usiichanganye na asidi.

Vilele pacha vyenye ukubwa usio sawa na visivyobadilika kwa siku, vikiwa jirani na prolini, kwa kawaida vinatokana na prolini kukaa kwa sura mbili. Hiyo ni tabia ya protini yenyewe, iache.

"Jana vilikuwa hapa, leo vimehama"

Tafuta tofauti ya joto, kisha ya pH. Vikihama vyote kwa kiasi kilekile, rejeleo limeteleza: tumia DSS, kemikali ya rejeleo ambayo kilele chake huwekwa kwenye sifuri, ukikumbuka kwamba DSS inaweza kunata kwenye protini au kuingia kwenye utando, na hapo nayo si ya kuaminika. Vikihama vichache tu, hasa vya histidini na majirani zake, ni pH. Kumbuka mita ya pH husoma takriban 0.4 chini kwenye maji mazito kamili.

Sampuli iliyotumwa nje ya nchi kupimwa na kurudi ina mashaka yake. Imekaa kwenye gari kuelekea uwanja wa ndege, ikakaa kwenye ghala la forodha, ikayeyuka ikaganda tena. Peleka nusu, baki na nusu jokofuni. Spektra zikitofautiana, utajua ni safari.

"Utando wangu hauonekani kama utando"

Fosforasi-31 ndiyo kipimo cha haraka cha lipidi, na kila maabara inayochunguza tando ingepaswa kuanza nayo. Tabaka mbili za fosfolipidi zilizo laini hutoa umbo pana lenye kilele upande wa ppm hasi, karibu −15, na bega refu kuelekea +30. Awamu ya heksagonali, ambapo lipidi hujipanga kama mirija, hugeuza umbo hilo na kulipunguza nusu. Kilele chembamba karibu na sifuri kinamaanisha kitu kinachozunguka huru.

Kilele hicho chembamba ndicho kinacholetwa mara nyingi, na hofu kwamba peptidi imevunja utando. Huenda ni kweli. Lakini kabla ya kuandika hivyo, jiulize kama bafa yako ni ya fosfeti. Fosfeti nayo ina fosforasi, na inakaa palepale. Sampuli za aina hii zitengenezwe kwa HEPES au Tris. Kama bafa ni safi, jiulize kama ulitumia mawimbi ya sauti kupasua lipidi: vifuko vidogo huzunguka haraka na kutoa kilele kilekile. Kisha chunguza lipidi iliyooza. Iweke kwenye bamba la kromatografia uone kama mnyororo mmoja umekatika, hasa kama chupa ilifunguliwa ikaachwa bila nitrojeni. Na kloroformu ishikwe kwa pipeti ya kioo. Ya plastiki inayeyusha vitu vinavyoishia kwenye spektra yako. Hayo yote yakipita, ndipo peptidi ishukiwe.

Umbo likiwa pana kupita kiasi na limefifia, sababu ya kwanza ni joto. DMPC, lipidi ya kutengenezea tando za majaribio, hubadilika kutoka hali ngumu hadi laini kwenye nyuzi 23 au 24, na hapo ndipo Nairobi inapotucheza. Mwezi Julai asubuhi huwa ya nyuzi 11 au 12, chumba kisicho na kipasha joto hakifiki 20, na DMPC mezani imeganda kama mafuta ya kupikia ndani ya kopo. Ukiongeza peptidi wakati huo haiingii, inabaki juu, na probu ya nyuzi 30 haitairekebisha baadaye. Changanya, gandisha na uyeyushe mara kadhaa, kila mara ukivuka joto hilo. DPPC inahitaji kupita 41. POPC iko laini hata kwenye baridi yetu, karibu −2, na ndiyo sababu naipendekeza kwa anayeanza. Sababu ya pili ni maji machache mno, na ya tatu ni kusahau kuondoa athari ya hidrojeni wakati wa kupokea ishara.

Dokezo kwa wa sabuni: SDS, moja ya sabuni hizo, ikikutana na potasiamu hutoa mashapo meupe. Aliyebadilisha bafa ya sodiamu kwa ya potasiamu akaona mrija umekuwa maziwa, ajue protini yake haina kosa.

"Rota haitulii"

Sampuli ngumu za utando huwekwa ndani ya rota, kikopo kidogo, na kuzungushwa kwenye pembe ya nyuzi 54.7, maelfu ya mizunguko kwa sekunde. Rota ikiyumba, mara nyingi imejazwa bila usawa. Ifungue, ijaze upya kidogo kidogo, ukibana sawasawa. Ikiyumba tena, safisha nje yake na ukague kofia. Kisha nenda kwenye hewa: msimu wa masika kikaushio cha kompresa kikichoka, unyevu huingia kwenye probu. Mwaga maji ya tangi, soma kipimo cha umande.

Umbo la spektra likiwa pana bila sababu, pembe imesogea. Irekebishe kwa bromidi ya potasiamu. Na kumbuka msuguano hupasha sampuli. Joto lililoandikwa kwenye skrini si la lipidi zako.

Ukisikia mlio usio wa kawaida, simamisha. Usijaribu "mara moja tu". Rota ya zirkonia ikipasuka kwa kasi hiyo inaharibu statori, yaani sehemu inayoishika na kuizungusha, na kutengeneza statori si kazi ya fundi wa mtaani hata awe hodari vipi.

Stima ikipotea

Sumaku haitegemei stima. Mkondo wake unazunguka wenyewe ndani ya heli ya nyuzi −269. Vinavyokufa ni konsoli, kompresa, kipoza maji na probu ya baridi. Stima ikirudi usiwashe mara moja: subiri itulie, kisha washa hewa, kipoza, konsoli, kwa mpangilio ulioandikwa ukutani. Probu ya baridi iliyopata joto ipoozwe tena na aliyefunzwa kazi hiyo, na nusu ya siku itapita.

Hapa unaacha na kupiga simu

Kiwango cha heli kimeshuka chini ya alama iliyowekwa na watengenezaji, au kinashuka haraka kuliko wiki zilizopita. Heli iliyotangazwa kugunduliwa Rukwa, Tanzania, mwaka 2016 haitaingia kwenye tangi lako wikendi hii, kwa hiyo agizo liwe mapema.

Barafu imejitokeza kwenye shingo ya sumaku au kwenye bomba la kutolea gesi. Usiigonge, usiipashe moto.

Mvuke mweupe unatoka kwa kishindo. Sumaku inapoteza ubaridi wake. Toka nje, acha mlango wazi, usirudi kuchukua kompyuta. Lita moja ya heli huwa zaidi ya lita 700 za gesi, inasukuma oksijeni nje ya chumba, nawe hutahisi chochote kabla ya kuanguka. King'ora cha oksijeni kikilia, hesabu ni hiyohiyo.

Kitu cha chuma kimenaswa kwenye sumaku, hata kama ni kiti tu. Usikivute. Mtungi wa gesi usiingie kabisa, na mwenye kidhibiti mapigo ya moyo asipite mstari wa usalama wa gausi 5 (gausi ni kizio cha nguvu ya uga wa sumaku).

Fundi atakapopokea simu atataka namba za viwango vya heli na nitrojeni vya wiki nne zilizopita, spektra ya sampuli ya kawaida ya leo na ya siku mashine ilipokuwa nzima, na saa stima ilipopotea. Yawe tayari kwenye daftari kabla hujapiga.